Sekunde Chache za Spiriti

Mwanafunzi wa fani ya maabara hufika mahali akakabidhiwa sekunde chache ambazo hakuna kitabu kinachoweza kumhesabia. Ameshapaka usaha kwenye slaidi, akauacha ukauke, akaipitisha slaidi juu ya moto ili usaha ushike, akaimwagia rangi ya zambarau, kisha iodini. Sasa anaishika kwa koleo, anaiinamisha juu ya sinki na kuidondoshea spiriti. Zambarau inachuruzika. Akiacha mapema, kila kitu kitabaki zambarau na slaidi itasema uongo. Akichelewa, kila kitu kitapauka na slaidi itasema uongo mwingine. Kitabu kinamwambia aache pale rangi inapokoma kuchuruzika. Hiyo ni lini hasa, inategemea unene wa usaha alioupaka, na unene huo ni kazi ya mkono wake mwenyewe robo saa iliyopita.

Nimekaa mara nyingi kwenye viti virefu vya nyuma katika maabara za vyuo vya afya, nikiwaangalia vijana wakijifunza kazi hii, na kila nikitoka heshima yangu kwao huwa imepanda. Wengi huamini kwamba mikrobiolojia ni somo la kukariri majina ya Kilatini. Majina yapo kweli, na usiku wa kuamkia mtihani mabweni hayalali kwa ajili yake. Lakini somo lenyewe linaanzia mkononi. Kila tunachokijua juu ya bakteria wa kifua kikuu, wa kipindupindu na wa homa ya matumbo kilipita kwanza kwenye vidole vya mtu aliyejua kupaka, kuunguza waya, kumimina na kusubiri. Na katika hayo yote, lililo gumu kuliko mengine ni kustahili kuandika neno moja fupi kwenye fomu ya majibu: hasi. Nitalifikia.

Hatua hizo za sinki zimebeba jina la Hans Christian Gram, daktari kijana wa Denmark aliyekuwa Berlin mwaka 1884, akifanya kazi katika chumba cha maiti cha hospitali ya jiji pamoja na Carl Friedländer. Mbele yake palikuwa na mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alichotaka ni bakteria waonekane wazi katikati ya nyama ya pafu. Akagundua kwamba ukifuatisha iodini baada ya zambarau, halafu ukaosha kwa alkoholi, nyama inapoteza rangi na baadhi ya bakteria wanabaki nayo. Baadhi tu, wengine wanapauka pamoja na nyama. Gram mwenyewe aliandika waziwazi kwamba njia yake bado ina kasoro, akaitoa hivyo hivyo akitumaini itawafaa wenzake. Kutokubali kwa baadhi ya bakteria kushika rangi ndiko kulikokuja kuwagawa bakteria wa ulimwengu mzima katika makundi mawili ambayo mwanafunzi anayakuta wiki za mwanzo kabisa: Gram chanya na Gram hasi. Rangi nyekundu ya kumalizia, inayowarudisha machoni wale waliopauka, ni nyongeza ya waliomfuata.

Zambarau yenyewe si ngeni kwetu. Ndiyo kiini cha GV, dawa ambayo mama zetu walitupaka mdomoni tulipokuwa wachanga wenye utando mweupe ulimini. Kwenye slaidi inafanya kazi nyingine. Bakteria wa Gram chanya wana ukuta mnene wa peptidoglaikani. Zambarau na iodini vikiungana ndani yake huwa chembe kubwa, na spiriti inapoukausha ukuta huo, ukuta hujibana na chembe zikakosa pa kutokea. Wa Gram hasi wana ukuta mwembamba, na juu yake utando wenye mafuta ambao spiriti huuharibu, rangi ikamwagika yote. Kwa hiyo zile sekunde chache zinakuwa zimejibu swali kuhusu ukuta wa kiumbe ambaye upana wake mara nyingi hauzidi maikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Na jibu lina kazi siku hiyohiyo wodini, maana zipo dawa zinazowaua Gram chanya vizuri lakini haziwezi kabisa kupenya utando wa nje wa Gram hasi.

Mwalimu mmoja niliyependa kukaa darasani kwake, mama wa makamo aliyefanya kazi katika maabara za wilaya kabla ya kuja kufundisha, hakuangalia kwenye hadubini ya mwanafunzi mpaka aitazame kwanza slaidi kwa macho matupu. Aliiweka juu ya kipande cha gazeti. Herufi zikisomeka kupitia kilichopakwa, alisema, "Endelea, mwanangu." Zisiposomeka, aliirudisha bila neno, na kijana akachukua slaidi safi akaanza upya. Hakuna aliyebisha. Tabaka likiwa nene, spiriti inapita juu na kuacha zambarau chini, na hapo hata mtaalamu wa miaka thelathini angesoma kitu ambacho hakipo.

Siku moja kijana aliyefika mbele ya wenzake aliniachia kiti nichungulie. Alikuwa ameweka tone la mafuta juu ya slaidi na kushusha lenzi ya mia moja mpaka ikaligusa. Seli za usaha zilikuwa za waridi, kila moja na kiini chake kilichokatika vipande viwili vitatu, na kati yake kulikuwa na nukta za zambarau iliyokolea, zimeshikana kwa vishada, nyingine zikiwa ndani kabisa ya zile seli zilizokuja kupigana nazo. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kijana akaandika kwenye daftari lake: Staphylococcus aureus. Mwalimu akasimama nyuma yake.

"Umemwona Staphylococcus aureus?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hujamwona. Umeona kokasi za Gram chanya, zimekaa kwa vishada. Andika ulichokiona."

Kijana akafuta. Nimeyasikia maelezo mengi juu ya maana ya sayansi, na sijasikia yaliyo bora kuliko hayo. Jina litakuja, lakini litakuja kwa kudaiwa. Tone la haidrojeni peroksaidi juu ya bakteria waliooteshwa: likitoa mapovu, hawa ni wa ukoo wa Staphylococcus, likinyamaza, pengine ni Streptococcus. Kisha bakteria hao wanachanganywa na plazma ya damu: ikiganda, ndipo unaruhusiwa kusema aureus. Kila hatua inaondoa shaka moja na kuacha nyingine.

Kabla ya kuotesha, usafi na usalama: koti la maabara limefungwa vifungo, glavu, hakuna chakula, simu haiguswi, meza inafutwa kwa dawa ya klorini mwanzo na mwisho. Hayo yanafundishwa kwa ukali unaostahili na sina la kuongeza.

Rangi humwonyesha bakteria akiwa amekufa. Ili ajulikane tabia zake ni lazima aote, na aote peke yake. Hapa ndipo fani hii ilipokwama kwa miaka mingi. Koo, kidonda, utumbo, vyote vimejaa bakteria wa aina nyingi, na ukiwatia kwenye supu wanaota wote kwa pamoja. Robert Koch, huko Berlin, aliona madoa ya rangi mbalimbali yameota juu ya kiazi kilichochemshwa na kukatwa, akatambua kwamba kila doa ni uzao wa aina moja tu. Lakini bakteria wengi wa magonjwa hawakukitaka kiazi. Akajaribu jelatini, nayo ikawa inayeyuka kwenye joto la mwili, joto lilelile ambalo bakteria hao wanalipenda.

Aliyelitatua tatizo hilo ni Fanny Hesse, mke na msaidizi wa daktari Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi na Koch. Alizaliwa New York, na katika ujana wake alifundishwa na jirani aliyewahi kuishi Java kugandisha jeli za mezani kwa agari, kitu kinachopatikana kwenye mwani na kisichoyeyuka hata siku ya joto kali. Agari huyeyuka karibu na nyuzi 85, huganda ikishashuka chini ya 40, na ikishaganda haitikisiki ndani ya inkubeta ya nyuzi 37. Mwaka 1882 Koch aliitaja agari kwa kifupi katika maandishi yake kuhusu kifua kikuu, na jina la Bi. Hesse hakulitaja. Miaka mitano baadaye Julius Richard Petri, msaidizi wa Koch, akaeleza sahani yake yenye kifuniko, na jina lake linatajwa mpaka leo katika kila maabara. Sioni sababu ya mwanafunzi kumimina agari yake ya kwanza kabla hajaambiwa habari za Fanny Hesse.

Wanafunzi wa pwani huuliza kama ni ule mwani wa Paje na Jambiani. Sio. Mwani wanaolima kina mama wa Unguja hutoa karajinani, inayokwenda kwenye dawa za meno na vyakula vya viwandani. Agari hutoka kwenye mwani mwekundu wa aina nyingine, kama Gelidium na Gracilaria. Ni swali zuri hata hivyo, na nimeona walimu wakilifurahia.

Kuchora bakteria juu ya agari ni kazi ambayo ningeweza kuitazama mchana kutwa. Lupu, yaani waya mwembamba wenye kitanzi nchani, inaunguzwa motoni mpaka iwe nyekundu. Inaachwa ipoe. Inagusa sampuli, inachora mistari kwenye robo moja ya sahani. Inaunguzwa tena, inapoa, inapita mara chache kwenye mistari ya kwanza na kuburuta kidogo kuingia robo ya pili. Tena, robo ya tatu. Tena, ya nne. Kila robo bakteria wanapungua, mpaka kwenye mistari ya mwisho wanaachwa mmoja mmoja, kila mmoja na nafasi yake. Mkono mzito hupasua agari. Mkono wenye woga hauachi kitu. Na kinachowashinda wengi mwanzoni ni kile kituo kifupi cha kungoja waya upoe, kwa sababu hakionekani kuwa ni kazi. Asiyengoja anaua bakteria wake kwa moto wa lupu, na kesho yake anafungua sahani tupu huku mgonjwa ana homa.

Kinachofuata ni usiku mmoja ndani ya inkubeta. Escherichia coli akiwa na chakula na joto la kutosha hugawanyika kila dakika 20 hivi. Seli moja iliyoachwa peke yake kwenye mstari wa mwisho inaweza kuwa zaidi ya milioni 2 baada ya saa 7. Ndiyo maana asubuhi kilichokuwa hakionekani kabisa kinakuwa kidoa cha mviringo unachokiona ukiwa umesimama. Kidoa hicho ni koloni, na kama mkono ulichora vizuri, wote waliomo ni watoto wa mmoja.

Asubuhi hiyo ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Sahani zinafunguliwa moja baada ya nyingine, zinainuliwa kuelekea dirishani. Kwenye agari ya damu, iliyotengenezwa kwa damu ya kondoo, Streptococcus pyogenes wa koo lililovimba ana koloni ndogo sana, lakini kila moja imejizungushia duara safi lisilo na wekundu, kwa sababu amezipasua seli zote za damu zilizo karibu naye. Pseudomonas amegeuza sahani kuwa ya kijani. Proteus hakukaa kwenye koloni hata kidogo. Ametambaa kwa mawimbi kutoka ukingo hadi ukingo na kuwafunika wenzake wote, na sahani hiyo itabidi irudiwe kwa ujanja mwingine. Mwanafunzi aliyemwona Proteus mara moja hamsahau tena, na hakuna aliyemkaririsha.

Zipo pia agari zilizopikwa kwa makusudi. Ya MacConkey ina chumvi za nyongo, zinazowazuia bakteria wengi wa Gram chanya, na ina sukari ya maziwa pamoja na rangi inayogeuka kukiwa na asidi. Anayeweza kuitumia sukari hiyo, kama E. coli, anatoka na koloni za waridi. Salmonella wa homa ya matumbo na Shigella wa kuhara damu kwa kawaida hawaiwezi, wanabaki wamepauka. Kwa hiyo kwenye choo cha mgonjwa, jicho la mtaalamu linaziruka koloni za waridi zilizojaa tele na kutafuta chache zilizofifia, ambazo mgeni asingezijali. Wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana agari yake ya kijani inayoitwa TCBS, na juu yake anaotesha koloni za manjano. Katika nchi zetu, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara mvua zikizidi na vyoo vikifurika, koloni hizo za manjano, zikishathibitishwa, ndizo zinazoliruhusu jina la ugonjwa litangazwe.

Koch aliyatoa masharti ambayo kila mwanafunzi huyaandika kwenye mtihani: kijidudu kikutwe kwa wagonjwa wa maradhi hayo, kioteshwe kikiwa peke yake, kikiingizwa kwa mnyama mzima kimletee maradhi yaleyale, kisha kipatikane tena kwa mnyama huyo. Napenda kwamba walimu wazuri wanafundisha papo hapo mahali masharti hayo yanaposhindwa. Bakteria wa ukoma, ambaye Armauer Hansen alimwona huko Bergen mwaka 1873, hajaoteshwa kwenye agari mpaka leo. Na Vibrio cholerae hukutwa kwa watu wasioumwa kabisa, jambo ambalo Koch mwenyewe alikutana nalo.

Koch alifika huku pia. Mwaka 1905 alikuwa katika Tanzania Bara ya leo, wakati huo koloni la Wajerumani, akichunguza homa ya papasi, na kwa hadubini yake akawakuta vijidudu vya homa hiyo ndani ya mayai ya papasi, maana yake papasi huurithisha ugonjwa kwa watoto wake. Mwaka 1906 na 1907 aliweka kambi katika visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, kutibu malale kwa dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Waliolipa gharama hiyo walikuwa watu wa ziwa letu, na darasa linalomsifu Koch linapaswa kulisema hilo kwa sauti ileile. Jicho lake kwenye hadubini lilikuwa halina mfano. Kumwona mgonjwa ni ufundi mwingine.

Jina lake hata hivyo limeshikamana zaidi na tarehe 24 Machi 1882, siku alipotangaza mjini Berlin kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa ambao alisema ulikuwa ukiua mtu mmoja katika kila saba. Na ni kwa kifua kikuu kwamba lile neno nililoahidi kulifikia linapata uzito wake.

Bakteria huyu ana ganda la nta, na rangi za kawaida hazimwingii vizuri. Njia inayofundishwa vyuoni ni ya Ziehl na Neelsen, Wajerumani wawili wa miaka ya 1880. Makohozi yanapakwa kwenye eneo la sentimita 2 kwa 1, yanakauka, yanashikizwa kwa moto. Slaidi inafunikwa kwa fuksini nyekundu na kupashwa kutoka chini mpaka mvuke uanze kupanda. Rangi isichemke. Mwanafunzi anapitisha moto, anauondoa, anatazama mvuke, anarudisha. Joto linailainisha nta na rangi inaingia. Baada ya dakika 5 na maji, inakuja alkoholi yenye asidi, ambayo inafuta wekundu kwa kila kitu isipokuwa kwa huyu mwenye nta. Halafu rangi ya bluu kwa ajili ya vilivyobaki. Chini ya lenzi utaona anga la bluu, na kama wapo, vijiti vyembamba vyekundu, vimepinda kidogo, vingine viwili vimelaliana.

Kama wapo wengi, kazi ni nyepesi. Mwanafunzi anapiga kelele ya furaha na wenzake wanakimbilia hadubini yake. Kazi ngumu ni slaidi isiyo na kitu. Duara la mwanga unaloliona kwenye lenzi huitwa uwanja, na ili kuandika hasi inabidi kusoma viwanja 100. Kwa lenzi ya mia moja, viwanja 100 ni kama mstari mmoja wa sentimita 2 kutoka ukingo mmoja wa kilichopakwa hadi mwingine. Uwanja mmoja, bluu tupu. Sogeza. Bluu tupu. Rekebisha lenzi, maana kilichopakwa hakiko sawasawa. Sogeza. Punje ya rangi iliyoganda, nyekundu lakini haina umbo, si yeye. Sogeza. Kwenye uwanja wa 60 shingo inauma, na ubongo umeshaamua kwamba hakuna kitu. Uwanja wa 87 una haki sawa na wa kwanza.

Akiona 1 hadi 9 katika viwanja 100, anaandika idadi yenyewe: akiona 4 anaandika 4. Kuanzia 10 hadi 99 ni alama moja ya kujumlisha. Mmoja hadi 10 katika kila uwanja ni mbili. Zaidi ya 10 kila uwanja ni tatu. Ngazi hizo zinamwambia daktari mgonjwa amebeba kiasi gani, na miezi miwili baadaye zinamwambia kama dawa zinafanya kazi. Na pasipo na kitu, maneno kamili ni kwamba hakuna aliyeonekana katika viwanja 100. Hayasemi kwamba mgonjwa hana kifua kikuu, kwa sababu inahitajika bakteria kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo hadubini iweze kumwona hata mmoja. Andika ulichokiona.

Mwenye kuandika hivyo analindwa na utaratibu ambao nauona ni wa heshima kubwa. Kila kundi la slaidi linapakwa rangi pamoja na slaidi mbili zinazojulikana, moja chanya na moja hasi, ili rangi mbovu ijulikane. Slaidi zilizokwisha kusomwa hutunzwa, baadhi zikapelekwa kwa msomaji mwingine ambaye hajui wa kwanza aliandika nini. Na miongozo inamtaka mtu mmoja asisome nyingi mno kwa siku, karibu 25 zikiwa ndio ukomo, kwa sababu jicho lililochoka huandika hasi kwa wepesi.

Sasa zipo mashine. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu ndani ya saa 2, ikaonyesha pia kama rifampisini itamshinda, na inawaona wagonjwa ambao hadubini ingewakosa. Nimeifurahia kama kila mtu. Pale Morogoro, panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO wananusa makohozi na kuwakuta waliopitwa, na sampuli waliyoikwaruzia inarudi maabara ithibitishwe. Malaria ina kipimo cha haraka kwenye kila zahanati. Lakini mashine inajibu swali ililotengenezewa tu. Kidonda kinachonuka, mkojo wa mama mjamzito, maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye degedege: hapo bado anatakiwa mtu wa kupaka, kuchora na kutazama akiwa hajui atakachokikuta.

Anatakiwa pia kwa usugu wa dawa. Bakteria waliooteshwa wanatandazwa sawasawa juu ya agari, vidude vya karatasi vyenye dawa vinawekwa juu, na kesho yake kila dawa inayofaa imejizungushia duara ambamo hakuna kilichoota. Mwanafunzi anapima duara hilo kwa rula, kwa milimita, na kulinganisha na jedwali. Nimeona sahani ya mkojo ambayo karibu kila karatasi ilizungukwa na bakteria mpaka ukingoni. Darasa lilinyamaza. Dawa zile zote zinauzwa mtaani kwetu, nusu dozi kwa anayetaka nusu dozi.

Ufundi huu unaanzia kwako wewe unayetoa sampuli, na hauwezi kuwa bora kuliko kile ulichokileta. Ukiombwa makohozi, vuta pumzi mpaka chini na ukohoe kutoka kifuani; mate hayamsaidii mtu. Ukiombwa mkojo wa kuotesha, safisha kwanza, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati, na uwahishe. Usimeze antibayotiki za duka la jirani kabla ya kupima, na kama daktari ameona hali haisubiri, sampuli itolewe kwanza pale inapowezekana. Usimgombeze kijana wa dirishani anayekwambia majibu bado: bakteria wako wanaota kwa mwendo wao, na yeye hana ruhusa ya kuandika asichokiona. Akikwambia urudi keshokutwa, rudi.